Fito za kulengea za kujitengenezea: miguu miwili, mitatu au minne?

Kichuguu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Naomba ushauri kabla sijaanza kukata na kutoboa. Ninawinda kwa kibali, kwa miguu, katika nyika ambayo nyasi zake hunifika kiunoni, kwa hiyo kulala kifudifudi au kupiga goti hakunifai: nikishuka tu, mnyama hupotea machoni. Inabidi nilenge nikiwa nimesimama, na nikisimama bila egemeo lolote msalaba wa darubini hutangatanga juu ya bega la mnyama kiasi kwamba mara nyingi huamua kutofyatua. Sijutii kuacha, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa akatokomea vichakani huniuma kuliko kurudi mikono mitupu. Hata hivyo najua kwamba wengi wenu hutembea na fito za kulengea, yaani miti inayopishana ya kuegemezea bunduki wakati wa kulenga, na kwamba baadhi yenu mmejitengenezea.

Nataka kutengeneza zangu. Nina vifaa vya kawaida vya useremala, yaani msumeno, keekee, tupa na msasa, na ninaweza kupata mianzi iliyokauka pamoja na mbao ngumu zilizonyooka. Kinachonitatiza ni vipimo. Mimi nina urefu wa sentimita 170. Je, fito ziwe na urefu gani, na kiungo, yaani pale fito zinapopishana, kikae umbali gani kutoka ncha ya juu? Je, kiungo kiwe cha boliti au cha kufunga kwa mpira? Aidha, nimeona fito za miguu miwili, za miguu mitatu na hata za miguu minne, na kila mwenye zake huzisifu. Ningependa kusikia kutoka kwa watu waliozitumia porini ni zipi zinazotuliza bunduki kweli kweli, na kwa nini.

Fundi_Randa alijibu:

Ndugu Kichuguu, nitajibu upande wa utengenezaji, kwani huo ndio ninaoufahamu vizuri zaidi.

Usianze na urefu wa ufito. Anza na kimo cha bunduki ikiwa begani. Toa risasi zote, kagua chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalokaa risasi, kwa jicho na kwa kidole, kisha vaa viatu unavyovaa porini na usimame kama unavyosimama ukiwa umemwona mnyama. Funga macho, pandisha bunduki begani ikielekea upande usio na mtu, laza shavu kwenye kitako bila kukaza shingo, ndipo ufumbue macho. Ikiwa unaona duara lote la darubini bila kivuli pembeni, hapo ndipo mwili wako unapotaka bunduki iwe. Mwenzako, akiwa amesimama ubavuni mwako, apime kutoka ardhini hadi upande wa chini wa ubao wa mbele, ule unaoshikwa na mkono wa kushoto chini ya mtutu. Kwa mtu wa sentimita 170 kipimo hicho mara nyingi huwa kati ya sentimita 140 na 145, takriban usawa wa bega. Hicho ndicho kimo ambacho panda ya fito, ile V ya juu ambamo bunduki hulala, inapaswa kukifikia miguu ikiwa imekwisha kutanuliwa. Wengi hupima ufito ukiwa umesimama wima, na wakiutanua hujikuta wameinama kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na mgongo ulioinama hautulii hata ukiupa egemeo zuri namna gani.

Hesabu yake si ngumu. Ukiacha sentimita 155 za mguu chini ya kiungo, na nyayo zikaachana sentimita 80, kiungo hukaa kwenye kimo cha sentimita 150 hivi. Nyayo zikiachana sentimita 130, kiungo hushuka hadi sentimita 141 hivi. Kwa hiyo kutanua na kubana miguu peke yake hukupa karibu sentimita 10 za kupanda na kushuka, nazo zinatosha kwa ardhi tambarare na kwa mnyama aliye juu au chini yako kidogo. Ongeza sentimita 15 juu ya kiungo kwa ajili ya panda, nawe utapata ufito wa sentimita 170. Mimi ningekata sentimita 180, kwa sababu ufito hupunguzika lakini haurefuki, na pia kwa sababu kwenye mteremko mguu mmoja huangukia upande wa bondeni na kula urefu wote uliodhani ni wa ziada. Zitumie kwanza, kisha kata kilichozidi.

Upana wa panda nao hufuata upana wa miguu, jambo ambalo halionekani mpaka bunduki iwe juu yake. Kwa vipimo nilivyotaja, nyayo zikiachana sentimita 80, ncha za panda huachana chini ya sentimita 8 tu, tena kabla hujatoa unene wa fito zenyewe. Zikiachana sentimita 130, ncha huachana sentimita 12 na nusu hivi. Bunduki yenye ubao mpana haitaketi ndani ya panda iliyobanwa, bali itakaa juu juu na kuteleza kuelekea kwenye ncha. Pima upana wa ubao wako, na ukizidi sentimita 5 shusha kiungo hadi sentimita 18 au 20 kutoka juu. Usizidishe hapo, kwani panda ndefu mno hugonga magazini na husumbua mkono unapotaka kuigeuza bunduki ghafla.

Kuhusu mti, chagua wenye nyuzi zilizonyooka tangu mwanzo hadi mwisho, usio na vifundo, wenye unene wa milimita 18 hadi 22. Ushike ncha moja, uutazame kwa jicho moja hadi ncha ya pili huku ukiuzungusha. Ukiwa na pindo utaliona mara moja, na ufito wenye pindo utajizungusha kwenye kiungo kila ukiulemea. Mwanzi ni mwepesi na mgumu, nami naupenda, ila uwe uliokomaa na kukaushwa kivulini, kwa sababu uliokatwa mchanga husinyaa na kupasuka. Tena mwanzi haupendi kutobolewa. Tundu likipigwa katikati ya pingili, ufa huanzia hapo na kukimbia na nyuzi. Toboa karibu na kifundo, anza na keekee nyembamba, panua tundu hatua kwa hatua, kisha zungushia uzi imara uliopakwa gundi juu na chini ya tundu.

Boliti ya milimita 6 inatosha kabisa. Weka washa (pete bapa) tatu, moja chini ya kichwa cha boliti, moja kati ya fito mbili na moja chini ya nati, na nati iwe ile yenye pete ya plastiki ndani, ambayo hailegei yenyewe. Kaza mpaka fito zisogee kwa kusukumwa lakini zisianguke kwa uzito wake. Nyayo zivishe mipira ya miguu ya viti, na ufunge kamba nyembamba kati ya miguu miwili, nusu mita hivi kutoka chini, ili kwenye mwamba miguu isije ikateleza na kutanuka wakati bunduki imekwisha kukaa juu.

Mwisho, paka mafuta ya kitani badala ya vanishi inayong'aa. Matambara uliyopakia yatandaze nje mpaka yakauke, au yaloweke majini. Usiyakunje na kuyatupa kwenye kona ya karakana, kwa maana mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na tambara lililokunjwa huweza kuwaka lenyewe bila cheche yoyote.

Mlenga_Taratibu alijibu:

Nakubaliana na vipimo vya Fundi_Randa, na sina la kupunguza. Nina la kuongeza tu, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko aina ya mti na aina ya kiungo. Fito za miguu miwili hushika mbele ya bunduki peke yake. Kitako kinabaki mikononi mwa bega linalopumua, lenye mapigo ya moyo na uchovu wa kutembea, na mara tu mbele ikishatulia, karibu mtikisiko wote unaobaki hutoka nyuma.

Tazama ukubwa wake. Chukulia kwamba kutoka kwenye panda hadi begani mwako ni sentimita 60. Panda ikiwa imetulia tuli, na kitako kikasogea milimita 1 tu kwenda kushoto, mtutu hugeukia kulia kiasi cha kupeleka risasi sentimita 16 hadi 17 nje ya shabaha kwenye umbali wa mita 100. Eneo la moyo na mapafu la mnyama wa ukubwa wa kati lina upana wa sentimita 15 hadi 20 hivi. Maana yake ni kwamba hata ukilenga katikati kabisa, milimita 1 ya bega inatosha kukutoa nje ya eneo hilo, na risasi ikaingia tumboni au ikavunja mguu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na fito zilizotengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu na bado akaona msalaba unacheza kulia na kushoto, akazilaumu fito bure.

Ukibaki na miguu miwili, basi ifanyie kazi nyuma. Simamisha nyayo za fito mbele kidogo kuliko unavyodhani, panda ikiinamia upande wako, kisha uegemee mbele kwa uzito wa kifua mpaka uhisi fito na mwili vimekuwa kitu kimoja; fito zilizosimama wima kabisa huyumba mbele na nyuma kwa sababu hakuna kinachozizuia. Mkono wa kushoto ushike panda na ubao wa mbele kwa pamoja. Kiwiko cha kulia kisining'inie hewani: kibane kwenye mbavu, au kiegemeze juu ya bega la mwenzako aliyesimama kulia kwako, nyuma ya mdomo wa mtutu, akiwa ameziba masikio vizuri. Ukiwa peke yako, ufito mmoja wa ziada uliosimamishwa chini ya kitako hufanya kazi hiyo hiyo, nao hauongezi uzito wa kutajika.

Mimi mwenyewe ninatumia miguu minne, na nikiwa nimesimama sijapata kinachoikaribia kwa utulivu. Zinahitajika fito nne za urefu wa sentimita 180 hivi. Mbili hupishana juu na kutengeneza panda ya mbele, mbili nyingine hupishana na kutengeneza panda ya nyuma. Chini, mguu wa kushoto wa jozi ya mbele hufungwa pamoja na mguu wa kushoto wa jozi ya nyuma, sentimita 10 hivi kutoka ardhini, na wa kulia vivyo hivyo. Ukizitazama kwa ubavuni, fito huanza pamoja chini na kuachana kadiri zinavyopanda. Ukizitazama kwa mbele, unaona herufi X yenye miguu mirefu. Viungo vya juu viwe vya boliti kama alivyoeleza Fundi_Randa, lakini vya chini vifunge kwa mpira mnene, kwa kuwa pale chini fito hugeuka pande mbili kwa wakati mmoja, na boliti itaupasua mti.

Panda mbili ziachane sentimita 45 hivi, ya kwanza chini ya ubao wa mbele na ya pili chini ya kitako, karibu na bega. Ya nyuma iwe chini kidogo kuliko ya mbele, kwa sababu vitako vya bunduki nyingi vimeinamia chini. Kamba fupi kati ya jozi mbili huzizuia zisiachane kupita kiasi. Ukitaka kushusha mdomo wa mtutu unatanua kidogo jozi ya mbele, na ukitaka kuupandisha unaibana. Baada ya mazoezi mkono wa kushoto hulifanya hilo bila jicho kutoka kwenye darubini.

Zina hasara, nami sitaificha. Mnyama anayetembea huwezi kumfuata mbali kwa darubini, kwani bunduki imeshikwa mbele na nyuma. Inabidi uziinue fito zote na kuzisimamisha upya. Vilevile kwenye vichaka vizito fito nne hunasa kila tawi. Lakini kwa nyasi za kiunoni na mnyama anayelisha, hali uliyoieleza wewe, naona zinakufaa kuliko nyingine yoyote.

Bonde_la_Mianzi alijibu:

Naomba niitetee miguu mitatu, hasa kwa mtu anayetengeneza kwa mara ya kwanza. Fito tatu za mwanzi, ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na kazi imekwisha bila tundu hata moja. Laza fito tatu sambamba, pitisha ukanda juu ya wa kwanza, chini ya wa pili, juu ya wa tatu, urudi vivyo hivyo mara kadhaa huku ukiuvuta kwa nguvu, kisha uzungushe mara chache kati ya ufito na ufito na uchomeke ncha ndani. Ukizisimamisha na kuzitanua, mpira hujikaza wenyewe, na ncha tatu za juu hutengeneza kitanda laini ambacho hakihitaji kuvishwa kitu. Mpira huchakaa kwa jua, kwa hiyo uukague mara kwa mara na uubadilishe ukianza kuonyesha nyufa.

Miguu mitatu husimama yenyewe, jambo ambalo miwili haiwezi, na bado unaweza kuigeuza bunduki kumfuata mnyama. Elekeza mguu mmoja upande wa mnyama na miwili upande wako, usimame katikati ya hiyo miwili, ili ukiegemea mbele ule mmoja uubebe uzito wako. Ila usiiache bunduki juu ya fito bila mkono, hata kwa muda wa kunywa maji, kwani upepo au mguu wako mwenyewe huweza kuiangusha.

Hoja ya Mlenga_Taratibu kuhusu kitako ni ya kweli, nami naipokea. Ningependa tu kukumbusha kwamba kimo nacho ni sehemu ya tatizo. Watu wamekuwa wakiegemeza bunduki tangu zamani: askari wa Ulaya wa karne ya 16 na 17 walibeba mti wenye panda kwa ajili ya bunduki zao nzito, na wawindaji wa baisani, yaani nyati wa Marekani, katika nyika za huko miaka ya 1870 walitumia fito mbili zilizopishana. Wawindaji hao wa baisani mara nyingi walikuwa wameketi, viwiko vikiwa vimekaa juu ya magoti, na hapo nyuma ya bunduki ilikuwa imepata egemeo bila ufito wa ziada. Kwa hiyo, Kichuguu, ukiwa kwenye kilima unachungulia bonde, ambapo nyasi hazikuzibi, kaa chini. Fito mbili za sentimita 90 hadi 100 zinatosha kwa mtu aliyeketi, na unaweza kuzikata kutoka kwenye mabaki ya mianzi hiyo hiyo.

Kichuguu aliandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Hesabu ya milimita 1 ya kitako imenifungua macho, kwa sababu mawazo yangu yote yalikuwa mbele ya bunduki. Nimeamua kuanza na miguu miwili ya mbao yenye boliti pamoja na ufito wa tatu wa kuegemeza kitako, kisha nikishazoea nitaziunganisha kuwa minne.

Yamebaki mambo mawili. Darubini yangu imesawazishwa bunduki ikiwa juu ya meza na mfuko wa mchanga. Je, risasi itagonga palepale nikifyatua kutoka kwenye fito? Na je, mnafanyaje ili fito zisipige kelele?

Msasi_Mkongwe alijibu:

Ndugu Kichuguu, hukumu ya swali la kwanza utaipata uwanjani tu, lakini nitakueleza kinachosababisha tofauti. Mtutu hutetemeka risasi inapopita ndani yake, na ukiulaza wenyewe kwenye panda unaubadilishia mtetemo, hivyo risasi huenda kwingine. Laza ubao wa mbele, kamwe usilaze mtutu. Pili, bunduki iliyo juu ya kitu kigumu huruka na kukikimbia inapopiga teke, na hupeleka risasi juu zaidi kuliko ilipokuwa juu ya mfuko laini. Kwa hiyo ivishe panda ngozi laini au kipande cha sponji ngumu iliyofungwa vizuri, na mkono wa kushoto uishike bunduki isiruke. Tatu, laza mahali pale pale kila mara. Mimi hutumia katikati ya ubao wa mbele, na nimeweka alama ndogo ambayo kidole huihisi bila kutazama.

Nyasi za kiunoni ulizozitaja zinanipa wasiwasi mmoja. Katikati ya darubini hukaa sentimita 4 hadi 5 hivi juu ya katikati ya mtutu, kwa hiyo jicho huweza kuona njia iliyo wazi kabisa huku mdomo wa mtutu ukielekea kwenye bua la nyasi, kijiti au hata ncha ya ufito wako mwenyewe. Kabla ya kufyatua, inua uso, tazama kwa macho matupu mbele ya mtutu, na uhakikishe kwamba mdomo wake umepita mbele ya panda na hauzuiwi na kitu. Na kilicho nyuma ya mnyama kitazame vilevile. Fito hutuliza bunduki, lakini risasi iliyopita kando au iliyotokea upande wa pili huendelea na safari yake, na ni lazima ardhi iipokee.

Utaratibu porini uwe mmoja siku zote. Fito husimama kwanza, bunduki hufuata, huku macho yakibaki kwa mnyama. Darubini iwe kwenye ukuzaji mdogo, kwa kuwa ukuzaji mkubwa hukufanya umtafute mnyama ndani ya duara dogo na tena huukuza mtikisiko mpaka ukakutia hofu. Kufuli ya usalama hufunguliwa mwisho kabisa, msalaba ukiwa tayari umetua. Vuta pumzi, iachie nusu, kisha kaza kidole polepole. Sekunde 8 au 10 zikipita na bado hujafyatua, usilazimishe. Pumua upya na uanze tena, kwani misuli na macho huanza kuishiwa hewa na mtikisiko hurudi maradufu. Kusogeza fito ukiwa umebeba bunduki iliyofunguliwa kufuli ni jambo ambalo hata haraka ya namna gani haiwezi kulihalalisha. Funga kufuli, kisha usogee.

Mazoezi yafanyie kwanza nyumbani, bunduki ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, ukitumia risasi bandia ikiwa aina ya bunduki yako hudhurika kwa kufyatuliwa tupu. Simamisha, laza, lenga, kaza, ushushe, urudie, mpaka mikono ifanye yenyewe. Halafu nenda uwanjani na upige kutoka kwenye fito, si kutoka mezani, ukianzia karibu na kusogea nyuma. Umbali wa mwisho ambao risasi zako zote, nasema zote, bado zinaingia ndani ya duara la sentimita 15 ndio umbali wako wa kuwindia. Mnyama akiwa mbele zaidi ya hapo, mnyatie au mwache.

Kuhusu kelele, adui ni chuma kugongana na chuma na mti kugongana na mti. Washa ya kati ibadilishe iwe ya ngozi au plastiki. Kata pete pana kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, uzifunge fito pamoja karibu na nyayo unapotembea, na uifungue kwa kidole gumba unaposimama. Mipira ya nyayo igundishe, kwa sababu ikilegea hunasa matopeni na kutoa mlio unapoichomoa. Na unapozitanua fito, zishike mbele ya kifua chako, karibu na mwili, uzitanue polepole huku mnyama akiwa ameinamisha kichwa kula, kwa maana wanyama wengi huwahi kuona kitu kinachosogea, na fito mbili ndefu zikifunguka kwa ghafla pembeni mwa mtu humshtua hata yule ambaye hajasikia lolote.